Kapteni haachi hadithi tukishuka chini ya futi 10,000. Nimwambieje?

Kiti_cha_Kulia:

Wakuu heshima kwenu, na kwa wakubwa shikamooni.

Mimi ni rubani msaidizi, bado mgeni kwenye ndege hii. Kampuni naiacha, siyo lengo la uzi. Napangwa mara nyingi na kapteni mmoja ambaye kwa kurusha ndege sina la kumkosoa. Upepo wa ubavuni ukivuma, yeye anaiweka chini utadhani hakuna kitu. Shida yake ni maneno. Tangu tunaondoka maegeshoni mpaka tunazima injini hadithi haikatiki: nani kapandishwa cheo kwa kujuana, ratiba ya mwezi ujao ilivyojaa upendeleo, posho, fundi aliyemharibia nyumba. Ananichekesha, sikatai.

Juzi tunashuka, yeye ndiye anarusha, mimi nafuatilia na nimeshika redio. Mwongoza ndege akaturuhusu tushuke mpaka futi 5,000. Nikarudia hewani, futi 5,000. Yeye yuko katikati ya habari ya ratiba, mkono wake ukazungusha kitufe cha kuipangia otopailoti mwinuko mpaka 3,000 ukaachia. Nikanyoosha kidole kwenye ile namba, nikasema "tano, Kapteni." Akasema "ahaa", akarekebisha, na sentensi yake akaiendeleza palepale ilipokatikia. Hali ya hewa ilikuwa safi, hakuna kilichotokea.

Halafu simu. Haizimwi, inakaa pembeni ya kiti chake. Tukifika chini mtandao unashika na jumbe zote zilizokuwa zinasubiri zinamiminika kwa mpigo, wakati mimi nasoma cheklisti ya kutua. Hajibu, lakini macho yanakwenda pale.

Ni mtu wa umri wa baba yangu, na neno lake ofisini lina uzito kuliko langu. Wenzangu wa rika wananiambia nisijitese, otopailoti ipo na mzee anajua kazi. Naomba kueleweshwa: hii kanuni ya marubani kukaa kimya chini ya futi 10,000 ni kitu cha kweli au ni ya kufaulia mtihani? Na kama ni ya kweli, kijana anaisimamia vipi bila kuonekana hana adabu?

Mzee_wa_Kushoto:

Marahaba kijana.

Nimestaafu. Nilikalia kiti cha kushoto, cha kapteni, miaka mingi, kisha nikawa nafundisha kwenye simyuleta, kwa hiyo nitaandika kirefu. Asiye na muda aruke.

Kanuni ni ya kweli na ilitokana na vifo. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 1974, DC-9 ya Eastern Air Lines ilikuwa inakwenda kutua Charlotte, Marekani, kwenye ukungu. Kinasa sauti kilipofunguliwa, wachunguzi walikuta marubani wanaongea siasa, wakahamia kwenye magari yaliyotumika, na huko mwishoni wakawa wanautafuta kwa macho mnara wa bustani ya burudani iliyo jirani na uwanja. Kengele ya kuikaribia ardhi ililia, wakaiacha ilie. Ndege ilijigonga chini kabla ya kufika kwenye barabara ya kutua. Walikuwemo watu 82, wakafa zaidi ya 70. Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaweka kanuni, na nchi nyingine zikawa na yao ya namna hiyo: ndege ikiwa inatembea ardhini, inapaa, inatua, au iko chini ya futi 10,000 na haijatulia kwenye mwinuko wa safari, marubani hawafanyi wala hawasemi lisilohusu usalama wa ndege.

Sasa nenda kaisome yenyewe, achana na muhtasari wa darasani. Utakuta haikukataza umbea peke yake. Imetaja kula. Imetaja kuwasiliana na kampuni kuagiza vitu vya jikoni ya ndege. Imetaja kujaza makaratasi ya malipo. Imetaja hata kuwatangazia abiria mandhari wanayopita juu yake. Yaani mambo ya kazi kabisa, ambayo mtu anaweza kuyafanya huku anajiona mchapakazi.

Kwa nini? Kwa sababu kinachoua si hadithi. Kinachoua ni vichwa vyote vya kokpiti kuingia kwenye kitu kimoja, ndege ikabaki haina mtu.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, Lockheed L-1011 ya shirika hilohilo la Eastern, safari namba 401, ilikaribia Miami. Taa ya kijani ya gurudumu la mbele haikuwaka. Wakaacha kutua, wakapanda futi 2,000, wakaikabidhi ndege kwa otopailoti na kuanza kuishughulikia ile taa. Hakuna aliyekuwa anapiga soga pale. Kapteni na msaidizi wake wanahangaika na kitundu cha balbu, injinia wa ndege kashuka kwenye chumba cha chini kuchungulia kama gurudumu limetoka. Katika hangaika hiyo otopailoti ikaachia kushikilia mwinuko, inavyoelekea usukani uliguswa, na ndege ikaanza kushuka polepole mno, mwili hausikii. Mlio wa kuonya kwamba mwinuko umebadilika ulitoka. Unasikika kwenye kinasa sauti. Hakuna aliyeuitikia. Mwongoza ndege akaona kwenye rada futi 900, akawauliza mambo yanaendeleaje. Walifia kwenye kinamasi watu 101, na gurudumu lenyewe lilikuwa limetoka, balbu tu ndiyo iliyoungua.

Kwa hiyo wenzako wanaokuambia otopailoti ipo, waulize hiyo ya Miami ilikuwa wapi. Otopailoti inatii ilichoambiwa. Kapteni wako aliiambia 3,000 na ingekwenda 3,000 kwa utiifu wote.

Hapo pa 3,000 nataka upaelewe vizuri. Kapteni mwenye mikono mizuri anadanganywa na mikono yake. Anaona akisimulia ndege haiyumbi, basi anaamini anaweza yote mawili. Ni kweli, kushika usukani na kuongea vinakwenda pamoja, mikono imeshazoea. Kisichokwenda pamoja na kuongea ni kusikiliza maneno mengine na kuyalinganisha na namba iliyo mbele ya macho. Hiyo ni kazi ya lugha, na lugha wakati huo inatumika kwenye ratiba. Ndiyo maana mtu wa hadithi hapotezi usawa wa ndege. Anapoteza mwinuko, masafa ya redio, namba ya barabara ya kutua.

Na ratiba, kwa taarifa yako, ina historia. Tarehe 21 Oktoba 2009, Airbus A320 ya Northwest, safari namba 188, ilitoka San Diego kwenda Minneapolis. Marubani wawili walifungua kompyuta mpakato zao, msaidizi anamwelekeza kapteni mfumo mpya wa kupanga zamu uliokuja baada ya kampuni kuungana na Delta. Hawakujibu redio kwa zaidi ya saa nzima. Waliupita uwanja wao kwa kilomita kama 240. Waliamshwa na mhudumu aliyepiga simu ya ndani kuuliza tunafika lini. Walirudi wakatua salama, na leseni zao zikafutwa. Walikuwa juu, kwenye mwinuko wa safari, ambako kanuni ya futi 10,000 haiwagusi. Ilibidi mwaka 2014 FAA wakataze vifaa binafsi vya elektroniki kwa mambo binafsi kwenye kokpiti wakati wote wa safari.

Sasa adabu. Desemba 1978, DC-8 ya United ilizunguka Portland karibu saa nzima kwa shida ya magurudumu mpaka ikaishiwa mafuta, wakafa watu 10. Mafuta yalitajwa kwenye kokpiti ile, tena zaidi ya mara moja. Yalitajwa kwa upole, kwa mafumbo, kama mtu anayemkumbusha baba mkwe deni. Kapteni hakulipata. Mafunzo yote haya ya ushirikiano wa kokpiti mnayolalamikia kwamba yanachosha yaliota kutokana na ajali za namna hiyo. NASA waliitisha mkutano wa kwanza 1979 na United wenyewe wakaanza kufundisha 1981. Lengo lake ni kukupa wewe wa kiti cha kulia ruhusa ya kusema waziwazi, na kumpa kapteni sikio.

Nikuambie nilichokuwa nawafundisha vijana. Lizungumze chini, kabla injini hazijawaka, wakati wa kupeana maelezo ya safari, na jiweke wewe kuwa ndiye mwenye shida: "Kapteni, mimi bado naizoea ndege hii. Tukivuka futi elfu kumi naomba ninyamaze, redio zisinipite. Nisamehe nikikatisha hadithi." Hakuna kapteni mwenye akili anayeweza kuukasirikia huo usemi. Na wewe ukishautoa, umejifunga.

Kisha lile tamko mnalotoa ndege ikivuka futi elfu kumi, litamke kama tamko, siyo kunong'ona. Baada ya hapo usicheke. Usiitikie "mh". Hadithi bila mwitikiaji inakufa yenyewe, jaribu uone. Wengi wenu mnawalaumu makapteni wenu huku nyinyi ndio mnaouliza "ikawaje?"

Akiendelea, mwambie kazi, usimwambie tabia. "Kapteni, futi 5,000 tumethibitisha?" ni kazi. "Kapteni, unaongea sana" ni tabia, na hapo mtagombana futi 4,000. Ukiona kitu hakijakaa sawa, mwite kwanza, taja kitu chenyewe, taja unachotaka kifanyike. Asipoitikia tena na mko karibu na ardhi, sema mpae tena. Mashirika mengi yameandika kwamba rubani yeyote kati ya wawili akisema hivyo, ndege inapaa, mjadala baadaye. Kiangalie kitabu chenu kinasemaje na ukijue kwa moyo.

Moja la mwisho kwa leo, maana umesema hadithi inaanzia maegeshoni. Watu wanadhani hatari iko hewani. Agosti 2006, ndege ya Comair safari namba 5191 huko Lexington ilishika barabara ya kurukia namba 26 badala ya 22. Ya kwanza ilikuwa fupi, futi 3,500, nusu tu ya ile waliyoruhusiwa, tena haina taa na alfajiri ilikuwa bado giza. Wakati wanatembea ardhini walikuwa na mazungumzo yasiyohusu safari, na wachunguzi waliyataja. Msaidizi wakati wanakimbia alisema ni ajabu hakuna taa. Kapteni akakubali. Wakaendelea. Kati ya 50 alipona mmoja, naye ni huyo msaidizi.

Mlango_wa_Mbele:

Shikamoo Mzee, nimesoma yote.

Mimi niko upande wa pili wa huo mlango, kiongozi wa wahudumu. Naomba niongeze kitu ambacho marubani hamkioni. Hiyo kanuni ikifundishwa vibaya inatufanya sisi tuwaogope. Mhudumu mpya anaambiwa "usipige simu kokpiti wakati wa kupaa na kutua" na anaishia hapo, hamalizii "isipokuwa la usalama". Basi anaona kitu na anameza.

Januari 1989 Boeing 737 ya British Midland ilipata hitilafu ya injini ya kushoto. Marubani walizima ya kulia. Kapteni akatangaza kwamba injini ya kulia ndiyo yenye tatizo, na huku nyuma abiria na wahudumu walikuwa wameona moto upande wa kushoto. Hakuna aliyewaambia. Wakafa watu 47 karibu na Kegworth. Miezi miwili baadaye, Dryden, Kanada, ndege ikaanza kukimbia na theluji juu ya mabawa. Yaliiona theluji hiyo macho mengi, wakiwemo marubani waliopanda kama abiria. Kila mmoja alijua wa mbele wanajua. Wakafa 24.

Mimi nikikutana na kapteni mpya naongea naye kabla abiria hawajapanda: nikipiga wakati wa ukimya ujue ni kitu, pokea. Na nyinyi mkituona tunaingia na chai wakati ndege inatembea ardhini, tufukuzeni. Siyo kututukana, kutufukuza.

Kijana, huyo kapteni wako na sisi anatupigia hadithi kwenye simu ya ndani mlango ukishafungwa. Namaanisha wa aina yake, usije ukasema namjua.

Mbishi_Halali:

Mnazidisha wakuu. Safari ndefu, usiku, mtu akae kimya saa sita kama yuko msibani? Ukimya ndio unaolaza watu. Mimi ningechagua kapteni mwenye maneno kuliko aliyenuna.

Mzee_wa_Kushoto:

Mbishi, umepinga kitu ambacho sijakisema, lakini hoja yako ya usingizi ni nzuri na naichukua.

Huko juu ongeeni. Tena ongeeni sana. Tarehe 25 Januari 2024 Airbus ya Batik Air ikitoka Kendari kwenda Jakarta marubani wote wawili walilala kwa dakika 28. Wachunguzi wa Indonesia walieleza kwamba msaidizi alikuwa na watoto mapacha wachanga nyumbani na hakuwa amepumzika vya kutosha. Kapteni alilala kwa makubaliano, msaidizi akabaki zamu, naye usingizi ukamchukua bila kujua. Ndege ikatoka kwenye njia yake na mnara unaita hewani. Hapo hadithi moja ya fundi aliyeharibu nyumba ingekuwa dawa.

Zipo nchi zinazoruhusu rubani mmoja asinzie kwa utaratibu kwenye kiti chake huku mwenzake yuko macho na wahudumu wamejulishwa wapige simu kila baada ya muda. Marekani haijaruhusu mashirika yake. Mimi naona walioruhusu wana akili zaidi, maana usingizi usioruhusiwa bado ni usingizi.

Kwa hiyo kapteni aliyenuna simtetei. Aliyenuna ana ubaya mkubwa kuliko wa hadithi: msaidizi wake anaogopa kufungua mdomo hata kwa la maana. Kijana huyu amefaulu kusema "tano, Kapteni" kwa sababu kapteni wake ni mtu wa watu na alimpokea. Hilo halijasemwa humu na linafaa kusemwa. Ningeletewa nichague, ningemchukua huyo msimuliaji nimfundishe saa ya kunyamaza.

Kiti_cha_Kulia:

Nimeelewa Mzee, na Mlango asante, umenichekesha. Kuhusu kucheka na kuitikia umenipata kweli.

Mawili bado. Simu nifanye nini, maana siwezi kumwambia mkubwa zima simu yako. Na je, lile la 3,000 niliandikie taarifa? Naona kama nitakuwa namchongea.

Mzee_wa_Kushoto:

Simu: usimwambie azime. Zima yako, mbele yake, kwa sauti: "Yangu iko kimya, nimeiweka kwenye begi." Fanya hivyo mkiwa bado chini kabla ya cheklisti. Karibu wote huwa wanaitafuta ya kwao. Asipoitafuta, msimulie ya Singapore, mwaka 2010, mkiwa kantini. Airbus A321 ya shirika la Australia inakwenda kutua, msaidizi anarusha, simu ya kapteni inaanza kulia jumbe. Katikati ya futi 2,500 na 2,000 kapteni yuko na ile simu, na unajua alikuwa anafanya nini? Anajaribu kuizima. Msaidizi anamwita hasikii. Wakapita futi 1,000 magurudumu hayajashushwa na hakuna aliyegundua, ilibidi mitambo ipige kelele ndipo wakapaa tena chini ya futi 500. Wachunguzi wa Australia wameiandika yote. Hakuumia mtu, ndiyo maana ni nzuri kwa kusimulia. Ya Karachi, Pakistan, ya Mei 2020, ambapo waziri wa anga alisema bungeni marubani walikuwa kwenye mazungumzo ya korona na ndege ikaburuza injini kwenye barabara bila magurudumu, ikapaa tena na kuanguka, wakafa 97 kati ya 99 waliokuwemo, hiyo iache, ni nzito mno kwa chai.

Taarifa: andika. Mifumo ya taarifa za usalama inataka tukio, haitaki mtu. Andika mwinuko ulioruhusiwa ni 5,000, uliowekwa ni 3,000, ukagunduliwa wakati wa kuthibitishana, ukarekebishwa kabla ndege haijaupita. Andika kokpiti ilikuwa na mazungumzo yasiyohusu safari chini ya futi 10,000. Usiandike "kapteni alikuwa anaongea", maana na wewe ulikuwa unasikiliza. Na umwambie kabla hujaituma. Mwambie "Kapteni, lile la mwinuko nataka tuliandikie, tuandike wote?" Mkisaini wawili halitaitwa kuchongea.

Kiti_cha_Kulia:

Sawa Mzee. Ratiba imetoka, kesho asubuhi niko naye tena. Nitaleta mrejesho.